Barua ya Wazi kutoka Mwisho wa Reli: Behewa Litarudi na Nini?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia mipango ya uchumi, biashara na reli,
Dodoma.

YAH: MZIGO WA RELI MPYA YA TABORA HADI KIGOMA

Waheshimiwa,

Wengi wenu ni rika la wanafunzi wangu, kwa hiyo sitaanza na shikamoo. Pokeeni salamu za Kigoma, mahali ambapo nchi nzima inapaita mwisho wa reli. Nilifundisha historia katika shule za sekondari za mkoa huu tangu mwaka 1984 hadi nilipostaafu. Siku hizi nakamua mawese Mwandiga na kikundi cha akina mama wenzangu, na mimi ndiye katibu wao.

Barua hii ni ya tatu. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika ofisi moja ya umma, ikagongwa muhuri, nikapewa nakala. Ya pili niliituma kwa rejesta. Baadaye kukaitishwa mkutano wa wadau, nami nikanyoosha mkono tangu saa nne asubuhi hadi chakula kilipoletwa. Baada ya chakula hapakuwa na maswali tena. Muhuri ninao, jibu sina. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Sipingi reli. Nalisema mapema kwa sababu kwetu mtu akiuliza swali juu ya mradi, kesho yake anaitwa mpinga maendeleo. Baba yangu alikuwa kibarua wa reli, akibadilisha mataruma kati ya Uvinza na Kigoma, na ugali wa utoto wangu ulitoka kwenye reli. Ninachouliza ni hiki: behewa likishafika Kigoma, litarudi limepakia nini, na mzigo huo utakuwa wa nani?

Haya ndiyo yanayonisumbua.

1. Mabwana wamebadilika, mzigo haujabadilika.

Reli ya Wajerumani ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914. Kabla yake mzigo wa Ujiji ulikwenda Bagamoyo juu ya vichwa na mabega ya watu: pembe za ndovu, na nyuma yake watumwa. Treni iliwapumzisha wapagazi wa Kinyamwezi, lakini haikugeuza mwelekeo. Kilichoteremka pwani kilikuwa kibichi, kilichopanda bara kilikuwa kimeshatengenezwa. Hata meli yetu MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye masanduku na kuunganishwa hapa. Wajerumani wenyewe waliizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Ilizama mali ya bwana mmoja, ikaibuka mali ya mwingine, na abiria wakaendelea kulala sitaha.

Katikati yao walikuwepo Wabelgiji, na kisa chao wanafunzi wangu walikuwa hawakiamini hadi nikirudie. Kwa mkataba wa mwaka 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji eneo lao ndani ya bandari ya Kigoma, na jingine Dar es Salaam, ili mzigo wa Kongo na wa Ruanda-Urundi upite bila ushuru. Kodi ya pango ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wake, milele. Mwenye bandari hakuwa mezani. Tulipopata uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilikataa kuurithi mkataba ule, na hilo ni mojawapo ya mambo niliyokuwa nikiyafundisha kwa sauti ya juu kidogo kuliko muhtasari wa somo ulivyotaka.

Sasa upepo wa dunia umegeuka, na sisi tumo njiani mwake. Mkataba wa kipande cha Tabora–Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni za China kwa zaidi ya dola bilioni 2. China hii iliingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001. Miaka minane baadaye ikaipita Marekani kwa kufanya biashara na Afrika. Ukipima uchumi wake kwa kile ambacho fedha inaweza kununua ndani ya kila nchi, umeshaupita wa Marekani tangu muongo uliopita. Misri na Ethiopia zimeingia BRICS, kundi la nchi zinazoinukia kiuchumi, Januari 2024. Marekani nayo haikubali kuachwa: imetia mkono kwenye reli ya Lobito, inayovuta shaba ya Kongo na Zambia kwenda Bahari ya Atlantiki, na Rais Biden alikwenda Angola mwenyewe Desemba 2024. China kwa upande wake imeahidi kuifufua TAZARA, reli ya Zambia hadi Dar es Salaam, iliyoijenga kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba baada ya nchi za Magharibi kutukatalia. Huyu anaivuta shaba kwenda machweo, yule anaivuta kwenda mawio. Sijasikia bado wakigombea nani ajenge kiwanda cha nyaya Kigoma au Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo.

Niliingia darasani kipindi ambacho tulikuwa tunaandika ubaoni kwamba ubepari ni unyama. Mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), mwaka 1991 likaja Azimio la Zanzibar lililolegeza lile la Arusha, na kwenye ubao ule ule nikaandika faida za soko huria. Muhtasari ulitoka juu, chaki ilikuwa yangu. Kwa hiyo vijana wanaponiambia vijiweni kwamba ubepari unakufa kwa kuwa Magharibi inachoka, nawaomba wasiharakishe kuchimba kaburi. Mimi naona umehama nyumba tu. Umehamia kwa mwenye viwanda vingi zaidi, ambako serikali na tajiri wanakaa meza moja, na mwenye malighafi anaendelea kugongewa dirishani.

2. Mafuta ya kula.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi.

Duka lililo jirani na mashine yetu linauza mafuta ya kupima. Ni mafuta ya mchikichi, ila si yetu. Yalikuja ghafi kwa meli kutoka Asia ya Kusini Mashariki, yakasafishwa Dar es Salaam, yakaondolewa rangi na harufu, yakasafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi Mwandiga, na hapa yanauzwa mita hamsini kutoka pale tunapochemsha chikichi kwenye pipa. Mteja huyapenda kwa sababu hayabadilishi rangi ya chapati. Simlaumu.

Kila mtu Kigoma atakuambia kwamba Wamalaysia walikuja kuchukua mbegu kwetu. Naipenda hadithi hiyo, lakini sikuwahi kuifundisha, kwa maana kumbukumbu zinasema vingine. Mchikichi ni mti wa Afrika Magharibi na ya Kati. Miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na Malaysia ikaanza shamba la kibiashara mwaka 1917. Leo Malaysia na Indonesia zinatoa zaidi ya sehemu nne kati ya tano za mawese yote ya dunia. Kosa letu, basi, si kuibiwa mbegu. Mbegu tulikuwa nayo na bado tunayo. Wenzetu walikuwa na kiwanda cha kukamua karibu na shamba, barabara ya kufika kiwandani, utafiti usiokatizwa, na serikali iliyoendelea na jambo hilo hilo hata mawaziri walipobadilika.

Sisi tulikwenda kwa mshtuko. Mwaka 1972 katika Operesheni Kigoma mama yangu alihamishiwa kijiji kipya, akaiacha michikichi yake kwenye kilima cha zamani. Mchikichi haufungwi kwenye kirago. Miongo ikapita. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Majaliwa akaja kulifufua zao, kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha mbegu bora, na miche ikaanza kugawiwa. Naipongeza kazi hiyo kwa moyo mweupe. Miti yetu ya zamani ni dura, kokwa nene na nyama kidogo. Ile mipya ya tenera, iliyochanganywa kati ya dura na pisifera, ina nyama nyingi na kokwa nyembamba, na huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Hesabuni wenyewe: iliyopandwa mwanzoni inazaa sasa.

Inazaa, halafu? Mkungu ukishakatwa haungoji mkutano. Chikichi zikilala bila kuchemshwa, asidi hupanda ndani ya mafuta, na mafuta yenye asidi kubwa hayapokelewi na mwenye kiwanda cha kusafishia hata ukimpa kwa bei ya kutupa. Wengi wetu bado tunachemsha kwenye mapipa kwa kuni na kukamua kwa mashine za kuzungusha kwa mkono, na mafuta mengi hubaki ndani ya makapi. Mise, yaani kokwa za chikichi, tunazigonga kwa mawe, tunauza kwa watu wa sabuni. Tumeongezewa mikungu, hatukuongezewa sufuria, kama mtaniruhusu kusema kijikoni.

Na kila bajeti ya Juni ushuru wa mafuta yanayotoka nje huzungumzwa upya: mwaka huu unapanda ili kumlinda mkulima, mwaka mwingine unalegezwa ili kumhurumia mlaji. Yote mawili yana haki yake. Lakini hakuna mtu atakayeweka fedha zake katika kiwanda cha mawese Kigoma kinachohitaji miaka kumi kujilipa, ilhali bei yake inategemea kitakachosomwa bungeni Juni ijayo. Indonesia ilipofunga mauzo ya mawese nje kwa wiki chache, kuanzia mwishoni mwa Aprili 2022, sisi wenye michikichi ndio tuliopanga foleni ya mafuta ya kupima kwa bei isiyoshikika. Siku zile nilimkuta mwanafunzi wangu wa zamani, ana shamba la michikichi nyumbani kwao, akinunua robo lita dukani. Alicheka. Mimi sikuweza.

3. Uvinza.

Reli ya kwenda Musongati, Burundi, itachepuka Uvinza, kabla ya kufika kwetu, na lengo lake la mbele ni mashariki ya Kongo. Kwa taifa ni jambo la busara, wala siwaonei wivu Warundi, ndugu zetu na wateja wetu wakubwa. Lakini mzigo wa Bujumbura ndio uliokuwa ukiilisha bandari ya Kigoma pamoja na wa Kalemie na Uvira. Ukishuka Uvinza na kuelekea kaskazini, Kigoma itabaki mwisho wa reli kwa maana mbaya ya neno hilo: pale ambapo treni hugeuzia kichwa tu. Je, mmepiga hesabu ya wachukuzi, mama lishe, wenye maboti na maghala? Kama mmepiga, tunaomba kuiona.

4. Nikeli.

Musongati kuna nikeli nyingi, nasi tunayo Kabanga, mkoani Kagera. Ni madini ya betri za magari ya umeme, na hapa ndipo mvutano wa wakubwa unaweza kutusaidia, tukiwa macho. Indonesia, ile ile ya mawese, ilipiga marufuku kuuza nje nikeli ghafi kuanzia Januari 2020: anayeitaka aje ayeyushie huko. Umoja wa Ulaya ukaishtaki katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2022 ukashinda hatua ya kwanza. Indonesia ikakata rufaa na kuendelea na yake. Viwanda vikaja.

Si pepo. Vingi ni vya mitaji ya Kichina, moshi wake wa makaa ya mawe unakera watu wa Sulawesi, na mlipuko wa Desemba 2023 huko Morowali uliua wafanyakazi wapatao ishirini. Nayasema haya ili asije mtu akasema mwalimu kapumbazwa na mfano wa mbali. Lakini walipata nafasi ya kugombana juu ya kiwanda chao wenyewe. Sisi na Burundi tukijadiliana na mnunuzi kila mmoja na faili lake, tutashindanishwa, na mawe yatapita Uvinza usiku yakiwa mawe.

5. Fedha ya bei.

Hili ni fupi. Wenzetu wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanalima tumbaku, wanakata kuni za mabani ya kukaushia majani katika miombo yao wenyewe, na bei ya kilo imekuwa ikitangazwa kwa dola. Mwalimu mwenzangu wa Tabora huniambia mkulima wake wa tumbaku anafuatilia habari za benki kuu ya Marekani kuliko za mvua. Siku hizi inasemwa kwamba dola inaondoka, yuan inakuja. Naomba mwenye kujua aniambie robota la tumbaku litapungukiwa na makato gani siku bei yake itakapotajwa kwa yuan.

Najua majibu yenu, maana nimeshayasikia kutoka kwa maofisa wadogo walionihurumia na kunijibu kwa mdomo.

La kwanza: reli ikifika, viwanda vitakuja vyenyewe. Waheshimiwa, reli ilishafika. Ilifika mwaka 1914. Vyenyewe havikuja.

La pili: Kigoma haikuwa na umeme. Kweli, tuliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na gridi ilipotufikia tulipiga vigelegele. Basi kisingizio hicho nacho kimeshafikiwa na gridi.

La tatu: wakulima ni wadogo na wametawanyika, hawawezi kulisha kiwanda. Hatuombi kiwanda cha kulishwa na mkoa mzima. Tunaomba vinu vya kati, kila tarafa yenye michikichi, ambavyo mkungu utavifikia siku ile ile ulipokatwa, na kimoja cha kusafishia kilicho karibu na reli. Kule Malaysia wakulima wadogo waliwekewa vinu karibu. Hawakuambiwa kwanza wawe wakubwa.

La nne, na hili husemwa kwa kunong'ona: China ni rafiki, tusimuudhi kwa masharti. Aliyejenga TAZARA ni rafiki kweli, na makaburi ya mafundi wake yapo nchini mwetu, nami nilikuwa nikiwataja darasani kwa heshima. Lakini rafiki huyo ana hesabu zake, na ni haki yake. Tangu Desemba 2024 amefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi maskini zenye uhusiano naye, yetu ikiwemo. Mlango uko wazi. Sisi tunaupitisha ufuta kwenye magunia, nao wanatuuzia mafuta ya ufuta kwenye chupa ndogo yenye kifuniko chekundu. Hakuna mkataba uliotukataza kuwa na chupa.

Tunachoomba ni hiki. Kwanza, mwananchi wa kawaida aweze kusoma sehemu za mkataba wa Tabora–Kigoma zinazohusu nauli ya mizigo na deni: mkulima atalipa kiasi gani kwa tani kutoka Kazuramimba hadi Dar es Salaam, na je, mchimbaji mkubwa atalipa hivyo hivyo? Pili, stesheni ndogo ziwe na maghala na sehemu ya kupakilia, na behewa kadhaa kila wiki zitengwe kwa vyama vya ushirika, maana treni isiyosimama Uvinza wala Kazuramimba kwetu ni kelele tu. Tatu, ushuru wa mafuta ya kula utangazwe kwa miaka kumi mfululizo, hata kama utakuwa unashuka kidogo kidogo, ili anayetaka kujenga kinu ajue anasimama wapi. Na wakulima wapewe hisa katika kinu hicho tangu siku ya kwanza. Nne, mkae na Burundi juu ya nikeli kabla mnunuzi hajakaa na kila mmoja wenu peke yake. Tano, mje. Si wadau, mje ninyi, Kigoma, siku nzima, na maswali yawe kabla ya chakula.

Tungependa kupata jibu la maandishi kabla ya kusomwa kwa bajeti ya Juni ijayo. Nakala za barua mbili za kwanza ninazo, na muhuri unasomeka vizuri. Atakayetumwa anikute kwenye mashine Mwandiga, Jumanne au Ijumaa, ndizo siku zetu za kukamua. Aje na dumu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Katibu wa kikundi cha akina mama wakamuaji wa mawese,
Mwandiga, Kigoma.